MAJI TUYAMWAGAYO YAENDA WAPI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa asili ya uhai wa kila kilicho hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, mtoto wetu apelekwapo chuoni, kabla hajafundishwa kusali hufundishwa maji. Hufundishwa ni maji yapi yafaayo kutawadhia na ni yapi yasiyofaa, na najisi ni nini, na huondoshwa kwa namna gani. Vitabu vya fiqhi tulivyovisoma mbele ya mashekhe wetu vyafunguliwa kwa mlango wa tahara. Na Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 222, kuwa Yeye huwapenda wenye kutubia na wenye kujitakasa. Hii ni neema kubwa, na yatupasa tuishukuru.

Lakini liko swali moja ambalo twaona haliulizwi majumbani mwetu wala barazani mwetu, nalo ni hili: ile najisi tuliyoiondoa miilini mwetu, na ile taka tuliyoifagia ukumbini, tumeipeleka wapi? Mtu akiutwaa uchafu wake akauweka mlangoni pa jirani yake, je, huyo amesafisha au amehamisha? Kila mwenye akili atasema: amehamisha. Basi hayo ndiyo yafanyikayo katika miji yetu kila siku, na jirani anayetupiwa uchafu huo ni bahari na vilivyomo ndani yake na wanaoishi kwayo.

NJIA YA MAJI

Tuutazame mji wa Mombasa, kwani ndio ulio karibu nasi, na miji mingine ya pwani haiko mbali na mfano huo. Mombasa ni kisiwa. Upande mmoja liko hori la Tudor, yaani ule mkono wa bahari uingiao bara hata ukapokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Na upande wa pili iko Kilindini. Hakuna mtaa wa kisiwani ambao maji yake yana safari ndefu ya kufika baharini.

Maji yatokayo majumbani yana njia tatu. Njia ya kwanza ni mabomba ya maji machafu ya mji, ambayo ndiyo yaliyokusudiwa kuyapeleka mahali pa kusafishwa. Lakini sehemu kubwa ya nyumba za Mombasa hazijaungwa na mabomba hayo. Njia ya pili ni shimo la choo. Na shimo likijengwa vyema, likatiwa kuta, likazolewa kwa wakati wake, hutosha. Lakini jiwe la ardhi yetu ni tumbawe, nalo lina vitundu na nyufa. Shimo lisilojengwa vyema huvuja chini kwa chini, likaingia kisima cha jirani kwanza, kisha likafika baharini. Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni mfereji wa mvua.

Wengi hawajui tofauti ya mfereji wa mvua na bomba la maji machafu. Mfereji wa mvua umechimbwa ili maji ya mawinguni yasijae njiani, na mwisho wake ni baharini moja kwa moja. Hauna mahali pa kusafishia. Kila kitiwacho humo, kiwe ni povu la kufulia, au mafuta ya kukaangia, au mkojo, au nepi ya mtoto, hukaa humo mpaka mvua ya kwanza ya masika, kisha chote hushuka kwa pamoja. Ndipo uyaonapo maji ya pwani yamegeuka rangi, na samaki wamekimbia, na harufu imepanda mpaka madirishani.

Na wako wenye nyumba, Mwenyezi Mungu awaongoe, ambao shimo lao likijaa hawaliiti gari la kuzoa, kwa kuwa gari lataka fedha. Huingoja mvua ya usiku wakalifungulia shimo njiani, au hutia bomba chini ya ardhi kutoka chooni hadi mfereji wa mvua, kisha wakalifunika kwa saruji lisionekane. Kodi ya vyumba wanaipokea kila mwisho wa mwezi, na uchafu wa wapangaji wao wanaupokea wengine.

YANAYOTENDEKA BAHARINI

Huenda msomaji akasema: Bahari ni pana, yafanywa nini na ndoo yangu moja? Tutajibu hoja hiyo mahali pake. Kwanza na tueleze jinsi madhara yaingiavyo, kwani mtu hawezi kujiepusha na asilolijua.

Uchafu wa choo, na baadhi ya sabuni za unga, ni mbolea. Mbolea hiyo ikiingia katika maji ya hori huotesha kwa wingi mimea myembamba ya majini, kama vile mbolea ya shamba iotehavyo magugu. Mimea hiyo huyafunika matumbawe na nyasi za bahari, ikayazuilia mwanga wa jua. Kisha yenyewe hufa na kuoza, na kuoza kwake hula ile hewa iliyomo ndani ya maji ambayo samaki huivuta. Samaki akikosa hewa hukimbia, na asiyeweza kukimbia hufa. Nyasi za bahari zikifa, tafi hana malisho, wala kasa, wala nguva ambaye katika bahari yetu amebaki kwa uchache mno.

Mafuta nayo hutanda juu ya maji na juu ya tope la mikoko. Mikoko ina mizizi isimamayo nje ya tope, nayo ndiyo pua zake. Ikifunikwa na mafuta au na takataka za plastiki, mti hukosa pumzi ukakauka. Na chini ya mikoko ndiko wanakolelewa kamba na kaa na watoto wa samaki wengi. Anayeua mikoko ya Tudor au ya Mikindani amebomoa nyumba ya malezi, na hatakiwi ashangae akisikia bei ya kamba sokoni.

Kome na chaza hawaendi kutafuta chakula. Hukaa mahali pamoja wakayavuta maji na kuyachuja, wakakibakisha kilichomo. Maji yakiwa na vijidudu vya choo, kome atavibakisha vijidudu hivyo; na mama aliyekwenda kumwokota maji yalipokupwa, ili awalishe wanawe, ameokota maradhi bila ya kujua. Kipindupindu na homa ya matumbo hazitoki kwa pepo wala kwa jicho la hasidi. Hutoka katika kinyesi kilichoingia katika maji au katika chakula.

Ama plastiki, hiyo haiozi. Hukatika vipande, na vipande vikakatika chembe, na chembe hizo zimeonekana ndani ya samaki na kome katika bahari nyingi za dunia. Kasa hula viumbe vya baharini vilivyo laini kama ute, na mfuko wa plastiki ueleao majini humdanganya macho akaumeza. Ukaziba matumbo yake akafa kwa njaa na tumbo limejaa. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti, mwaka wa 2017, na kheri imeonekana. Lakini chupa na vifuko vidogo na nepi na ndara mbovu bado zingaliko. Mafundi wa Lamu walipounda jahazi la Flipflopi, ambalo mwaka wa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, waliliunda kwa plastiki iliyotupwa, na ubavu wake wakaupamba kwa ndara zilizookotwa, kiasi cha 30,000. Yatosha hayo kuwa shahidi wa yale tuliyoifanyia bahari. Jahazi zima limetoka katika taka, na taka hazikwisha.

HOJA ZA WENYE KUJITETEA

Tumezisikia hoja nne, na twaona ni wajibu kuzijibu moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni ya kifiqhi, nayo huletwa na watu waliosoma kidogo. Husema: Maji yakizidi kulla mbili hayanajisiki, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa bahari maji yake ni tahiri na mfu wake ni halali, basi kuna ubaya gani?

Twasema: Mas'ala hayo ni ya kweli, lakini mmeyaweka pasipo pahali pake. Hukumu ya kulla mbili yamjibu mtu aulizaye, "Je, maji haya naweza kutawadhia?" Haimjibu aulizaye, "Je, yafaa nimwage kinyesi changu humu?" Hayo ni maswali mawili. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud amewatahadharisha watu na mambo matatu yaletayo laana, mojawapo ni kwenda haja mahali watu waendapo kuteka maji. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii, walipotaja maji mengi yapitayo, hawakusema kuwa ni haramu kukojoa humo, lakini walisema kuacha ni bora. Lakini tuzingatie: walimsema mtu mmoja na haja yake moja. Hawakuusema mji wenye mamia ya maelfu ya watu, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, katika hori ambalo maji yake hayabadiliki upesi, hasa wakati wa maji mafu. Zaidi ya hayo, wote wameafikiana kuwa maji, hata yakiwa mengi namna gani, yakigeuka rangi au ladha au harufu kwa sababu ya najisi, basi yamenajisika. Na anayetaka ushahidi wa kugeuka na asimame penye mlango wa mfereji maji yakupwapo. Pua yake itamtolea fatwa.

Hoja ya pili husema: Hii ni kazi ya serikali. Wao ndio watozao kodi, na wao ndio watakaojenga mabomba na kuzoa taka.

Twasema: Nusu ya maneno haya ni haki. Kiongozi ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichochunga, na wananchi wana haki ya kudai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Basi na tudai, kwa adabu na kwa kuendelea. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 69, yampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuyahifadhi. Na kabla ya Katiba yoyote, mkono uliomwaga ni wako. Hakuna diwani wala afisa aliyekushika mkono ukaitupa nepi dirishani.

Hoja ya tatu husema: Wachafuzi wakubwa ni viwanda na meli, sisi ni kitu gani?

Twasema: Ikiwa wao wamechafua, dhambi yao ni juu yao, na Qur'ani yatufundisha mahali pengi kuwa hakuna mwenye kubeba mzigo wa mwenziwe. Lakini maana yake ni pande mbili: wewe hutabeba wao, na wao hawatabeba wako. Siku ya hesabu mtu hatajibu kwa kumwonyesha kidole jirani. Na ni aibu iliyoje kwenda kulalamika juu ya bomba la kiwanda hali bomba la chooni petu limefichwa chini ya saruji!

Hoja ya nne husema: Mimi ni mmoja tu, ndoo yangu haipunguzi wala haizidishi.

Jawabu ya hoja hii ameitoa Mtume (S.A.W.) mwenyewe katika hadithi ya jahazi, iliyomo katika Bukhari kwa mapokezi ya Nu'man bin Bashir (R.A.). Alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika chombo, baadhi yao wakapata juu na baadhi wakapata chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji huwapitia wa juu. Wakaona: lau tungetoboa tundu katika sehemu yetu, tusingewaudhi wenzetu. Basi wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Na wakiwashika mikono, wote wataokoka.

Tuuangalie mfano huu vizuri. Watu wale hawakuwa na nia mbaya, bali walitaka kuwaondolea wenzao udhia. Na tundu walilotaka kulitoboa ni katika sehemu yao wenyewe. Juu ya hayo hawakuachwa, kwa kuwa chombo ni kimoja na maji hayajui mpaka wa sehemu ya mtu. Na sisi hali yetu ni mbaya zaidi kuliko yao, kwani kwetu aliye juu ndiye amwagaye, na aliye chini ndiye apokeaye. Aliye chini ni mvuvi wa mtumbwi, na mwokota kome, na mtoto aogeleaye baada ya chuo, na samaki asiyekuwa na ulimi wa kushitaki.

HAKI YA JIRANI NA HAKI YA KIUMBE

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, na wanavyuoni wakalifanya jambo hilo kuwa msingi katika misingi ya sheria. Akatufundisha kuwa Jibrili alimuusia jirani mpaka akadhani kuwa atamrithisha. Akatufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Sasa ikiwa kuondoa udhia uliotiwa na mwingine ni imani, je, kuutia udhia mwenyewe ni nini?

Wala haki hii si ya wanadamu peke yao. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametuambia kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Katika hadithi sahihi mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Alikuwa ni paka mmoja. Tutasemaje sisi juu ya kasa aliyekufa kwa mfuko, na mikoko iliyokufa kwa mafuta? Na katika Sura ya An-Nahl, aya ya 14, tumekumbushwa kuwa bahari imetiishwa kwa ajili yetu ili tule humo nyama laini na tutoe mapambo na tusafiri kwayo. Neema hukaa kwa shukrani, na hakuna shukrani ya mtu apewaye sahani ya chakula akaitemea mate.

Wazee wetu walilijua hili. Katika majumba ya kale ya Lamu, ndani ya birika la kuogea waliweka visamaki ili vile viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua visamaki vibaki na mahali pa kuishi. Hao ni watu waliooga na samaki wakasalimika. Sisi twaoga mbali na samaki, nao wanakufa.

Ama wale wasemao kuwa bahari huchukua kila baya, na kwamba nuksi ya mtu hutupwa pwani ikaondoka, hiyo ni mila isiyokuwa na asili katika dini. Bahari haichukui nuksi. Yachukua taka, kisha yairudisha, mara nyingine ndani ya samaki. Na kadhalika wako akina mama waogopao kuitia nepi pamoja na taka nyingine, kwa kuwa huenda ikachomwa na mtoto akapata maradhi. Basi huona salama kuitupa majini. Twawaambia kwa upole: Mtoto hadhuriki kwa nepi aliyokwisha kuivua. Mtoto hudhurika kwa maji yaliyotiwa nepi elfu.

YATUPASAYO KUFANYA

Dini yetu si ya kulaumu tu, bali ni ya kutenda. Twataja mambo machache, mengi yake hayataki fedha.

Chooni. Mwenye nyumba na aangalie bomba lake laishia wapi. Likiwa laingia mfereji wa mvua, na alikate. Shimo na lizolewe kabla halijafurika, na wapangaji na mwenye nyumba washirikiane gharama yake kwa mapatano yaliyo wazi. Wala asimwage dawa kali za kung'arishia na tindikali kwa wingi, kwani shimo hufanya kazi kwa vijidudu vilivyomo vinavyosaga uchafu. Ukiviua, shimo hujaa upesi na kunuka zaidi.

Jikoni. Mafuta yaliyokaangiwa sambusa na bajia yasimwagwe katika bomba wala mferejini. Yakipoa yatiwe mkebeni pamoja na majivu au mchanga, yatupwe pamoja na taka. Makombo yafagiwe kabla ya kuosha vyombo. Na siku ya Idi ya kuchinja, damu na matumbo yafukiwe ardhini, yasitupwe pwani. Haielekei ibada ikaacha uvundo.

Kufua na kuoga. Sabuni ikizidi haja haiongezi usafi, huongeza povu. Maji ya kufulia yasiyokuwa na dawa kali na yamwagwe penye udongo, chini ya mnazi au mgomba, ardhi iyachuje. Na katika udhu tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, yaani mudd, kisichofika lita 1. Mtu afunguaye bomba mpaka mwisho, akatawadha huku akizungumza, amefuata Sunna ipi?

Nepi, chupa na vifuko. Kinyesi kiondolewe kwanza kitiwe chooni, kisha nepi ifungwe itiwe katika taka zizolewazo. Nepi za kitambaa zifuliwazo ni bora kwa awezaye. Na kinachoweza kutumika tena kisitupwe.

Dawa, betri, rangi na oili chafu ya gari. Hivi ni sumu, na haviingii chooni wala mferejini hata kidogo. Dawa zilizobaki ziulizwe hospitalini au katika duka la dawa. Oili ikusanywe irudishwe kwa mafundi wa magari, kwani wako waitafutao.

Msikitini. Twapenda usafi huu uanze katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mwezi wa Ramadhani vikombe vya plastiki vya futari na vibadilishwe kwa vikombe vya kuoshwa. Kamati za misikiti zijue maji ya miadha yao yaenda wapi. Na kila mtaa wateue watu wachache, vijana na wazee, waangalie mifereji kabla ya masika na kabla ya vuli, na wamwendee mwenye bomba baya kwa nasaha ya siri kwanza, si kwa fedheha.

NENO LA MWISHO KWA WENYE NYUMBA

Twamaliza kwa neno tulionalo zito kuliko yote. Wako miongoni mwetu watu wa kheri, watoao mazulia na mapanka kwa misikiti, na watu huwaombea dua kila Ijumaa. Mwenyezi Mungu awakubalie. Lakini sheria imetufundisha kuwa kuondoa madhara kwatangulia kuleta manufaa. Zulia la msikiti ni sunna, na anayeliacha hana dhambi. Bomba la choo lililoelekezwa njiani na baharini ni dhara, na kuliondoa ni wajibu. Mtu akitoa zulia na bomba akaliacha, ametanguliza sunna juu ya wajibu, na amewafurahisha wenye kusali huku akiwaudhi wenye kuvua.

Hatusemi kuwa kodi yake ni haramu. Twasema ajiulize usiku akiwa peke yake: katika kodi hii, fungu la kuzolea shimo liko wapi? Ikiwa limebaki mfukoni, basi aliyelilipa ni mtoto wa jirani, kwa homa na kuharisha, na mvuvi, kwa wavu mtupu. Na haki ya mja haifutwi kwa sala wala kwa saumu mpaka mwenyewe aridhike. Mtu huweza kumtafuta jirani akamtaka radhi. Lakini watu wote wa hori zima atawatafuta wapi?

Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Tuzingatie mwisho wa aya hiyo. Kuonjeshwa kumekusudiwa kurejea, na mlango wa kurejea uko wazi. Bahari nayo ina huruma ya Muumba wake: ukiacha kuitia uchafu, maji hujaa na kupwa yakajisafisha, na mikoko ikipewa nafasi huota tena.

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wenye kujitakasa wasiowachafua wengine. Tutakasie nyoyo zetu na majumba yetu na maji yetu, na utujaalie tuwaachie watoto wetu bahari iliyo safi kama tulivyorithishwa na wazee wetu. Amin.

Wabillahi taufiki.